Mti wa Kitambaa Chekundu

Mimi ni mtu ambaye hashtuki. Uliza Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, utaambiwa. Ghala langu la kwanza liliungua, na kesho yake nikatandika turubai barabarani nikauza vilivyobaki. Masufuria yenye masizi yalitoka upesi kuliko mapya. Mshirika wangu alivuka mpaka na pesa ya mzigo mzima. Niliambiwa nikiwa mezani, nikamaliza chai yangu kwanza. Shule niliiacha darasa la nne, na leo vijana wenye digrii wanapanda ngazi za duka langu kuomba kazi, na mimi huwapa, maana sina kinyongo na elimu. Kwa hiyo nikikwambia kwamba hakuna jambo linaloweza kunishangaza, usidhani najisifu. Nakupa taarifa.

Sasa sikiliza kilichonipata Jumanne moja mwaka huu.

Lori la chumvi lilifika kutoka Mombasa, chumvi ya mawe, ile wanayolambishwa ng'ombe. Lilinyeshewa njiani, turubai lilikuwa limechanika, na magunia ya chini yalikuwa yameloa chapachapa. Vijana wa mizigo walipovuta gunia la kwanza, harufu ikashuka nalo. Chumvi yenyewe haina harufu, asikudanganye mtu. Ile ilikuwa harufu ya tope la pwani: yai lililokaa, majani yaliyooza, na nyuma yake kitu kama chuma kilichotoka kunolewa. Nilijikuta nimekaa juu ya gunia katikati ya njia, mkono kifuani, watu wenye mizigo kichwani wakinipita huku wakinitukana.

"Bosi, iko nini?" kijana mmoja akaniuliza.

"Nahesabu magunia."

"Unahesabu na macho imefunga, ssebo?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini moyo ulikuwa unapiga mpigo ambao sikuwa nimeusikia tangu nilipokuwa na miaka tisa, nimesimama juu ya mchanga mweupe na raba mpya miguuni, nikitazama maji yakija kutoka upande ambao maji hayakutakiwa kutoka.

Nililelewa na bibi yangu, mama yake baba, kule Luzira, Kampala, chini kabisa unapokaribia bandari ya ziwani ya Port Bell. Bibi alikuwa mtu wa pwani ya Kenya. Babu alimtoa huko akiwa msichana, akamleta Kampala kwenye biashara ya viungo, kisha akafa, akamwachia mtoto mmoja, ambaye ni baba yangu, na kikaango cha vitumbua. Baba naye hakudumu. Mama akaolewa kwingine. Tukabaki wawili, mimi na bibi na kikaango chetu. Aliniita mume wangu, kama bibi wa pwani wanavyowaita wajukuu, na mimi cheo hicho nilikishika kwa mikono miwili. Nilimbebea kikapu, nilimkatia kuni, na zaidi ya yote nilimgombania nafasi.

Hapo kwenye nafasi naomba unisikilize vizuri. Pale ufukweni mitumbwi ya samaki ilipokuwa ikitia nanga asubuhi, wauza chai, wauza vitumbua na wanunuzi wa samaki walikuwa na desturi yao. Ukitaka mahali pazuri, unachomeka mti wenye kitambaa chako kwenye mchanga, na mahali hapo panakuwa pako mpaka jua lipande. Kitambaa cha bibi kilikuwa chekundu. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kuuchomeka mti kabla hakujapambazuka sawasawa, na nikiona mahali pazuri zaidi pamebaki wazi, nauhamisha. Pale Port Bell hapakuwa na mtoto aliyenizidi kwa kuhamisha mti.

Na maji niliyajua, au niliamini hivyo. Niliogelea kabla sijaota meno ya pili. Lakini maji ya ziwa yana adabu. Lile jiwe ambalo bibi alisugulia masufuria lilikuwa limeloa nusu asubuhi na limeloa nusu jioni, leo, kesho, mwezi ujao. Mvua ikizidi sana yanapanda kidogo, tena taratibu, kama mgeni anayepiga hodi.

Mwaka ule bibi aliamua kwenda kwao. Aliniambia tunakwenda kutembea. Lakini siku mbili kabla ya safari nilimwona akimuuzia jirani kile kikaango, na hofu yangu ilianzia hapo, maana mtu anayekwenda kutembea hauzi kikaango. Nilimuuliza kama tutarudi. Akasema, "Wewe utarudi kwa mjomba wako kule Wandegeya, ukasome." Nikamuuliza, na yeye je? Akaendelea kukunja leso zake. Njia nzima, kwenye basi, nilimshika pindo la buibui kama mtu aliyeshika tiketi.

Kijiji chao kiko kusini ya Mombasa, kwenye hori, yaani mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi na kutulia kati ya miti ya mikoko. Tulifika jioni, maji yamejaa mpaka kwenye mashina ya minazi, na ng'ambo ya maji kisiwa kidogo cheusi. Bibi alisimama akakitazama mpaka wenyeji wakaanza kucheka. Pale palikuwa na kaburi la mama yake.

Asubuhi nilipotoka nje bahari haikuwepo.

Usifikiri natia chumvi, hiyo nauza dukani. Haikuwepo. Palikuwa na tope linalong'aa na mchanga na majani ya kijani yaliyolala kifudifudi, mpaka kisiwani kwenyewe, umbali kama wa kutoka Wandegeya hadi mjini. Tope lilikuwa linatoa sauti, tik, tik, tik, kila mahali, kama saa elfu moja zimefukiwa chini. Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa ametusimulia mambo ya Kiyama wiki chache nyuma, na mimi nikaona ndiyo leo. Nikarudi ndani mbio nikajificha nyuma ya bibi.

"Bibi, maji yameondoka."

"Yamekwenda matembezini, mume wangu," akasema. "Yatarudi kula."

Nikafikiri. Maji nilikuwa nimeyaona jioni. Basi yanarudi jioni, kama watu wa kazini. Nikaridhika, na tangu hapo sikumuuliza mtu kitu, kwa sababu niliona nimeshaelewa.

Ilikuwa siku ya bamvua, siku ambazo maji hukupwa mbali kuliko siku nyingine, na wanawake wa kijiji huvuka kwa miguu kwenda kisiwani kuzuru makaburi na kuchokoa pweza kwenye miamba. Walikuwa wanane, wakiongozwa na shangazi Mwanaidi, mtoto wa dada yake bibi. Mmoja alikuwa na kichanga mgongoni. Tulifuatana pia na Mwanasha, binti wa shangazi, mwenye miaka kumi na moja na ulimi wa miaka arobaini.

"We Kampala," akaniambia akitazama raba zangu, "unaingia baharini na viatu vya harusi?"

"Kwetu watu hawatembei peku kama kuku."

"Haya. Tope halijali umetoka wapi."

Raba zile zilikuwa na nyota chini ya soli. Bibi alininunulia kwa ajili ya safari. Kila hatua niliyopiga iliacha nyota nyuma yangu, nami nilikuwa nageuka kuzitazama, maana nilizipenda.

Karibu na kijiji palikuwa na mkondo, mfereji mpana ambao maji yake hayakuisha lakini yalikuwa yanafika kwenye kifundo cha mguu tu. Tulipouvuka, wanawake wote wakasimama. Shangazi Mwanaidi akamkabidhi bibi mti wa mkoko, urefu wake kama mimi. "Mama mkubwa, leo ni wako," akasema. Bibi akaupokea, akafungua kitambaa chake chekundu kilekile cha Port Bell alichokuwa amekifunga kiunoni, akakifunga kwenye mti, sehemu ya chini, ncha yake ikining'inia. Akauchomeka palepale ukingoni mwa mkondo, kwenye tope, na wanawake wengine wakamtazama kimya kama watu wanaotazama mtu akitia sahihi.

Hakuna aliyenieleza mti ule ulikuwa wa nini. Nani angekaa kueleza? Pale hata mtoto wa miaka mitatu anajua. Maji yanaporudi hayaanzii baharini unakoyatazama. Yanaanza kwenye mkondo, nyuma yako, kati yako na nyumbani. Mti unachomekwa na mwanamke mkubwa kuliko wote, na yeye peke yake ndiye anayeutazama kutoka mbali, ili wengine wainamishe vichwa kwenye mashimo ya pweza bila wasiwasi. Maji yakigusa ncha ya kitambaa, anaita, na wote wanaacha walichoshika, hata kama pweza ametoa kichwa. Macho ya mwanamke mmoja yanabeba roho za wote. Bibi alikuwa amekaa Kampala zaidi ya miaka thelathini, na bado walimrudishia mti.

Lakini mimi nilichoona ni kwamba wamempa bibi yangu mahali pabaya. Mahali pa tope, pembeni, hapana hata konokono. Mgeni kaonewa.

Tulifika kisiwani. Bibi alikaa kaburini kwa mama yake muda mrefu, aking'oa magugu kwa vidole. Mimi mikoko ile ilinitisha. Mizizi yake ilikuwa juu ya ardhi, imejipinda kama vidole vya watu waliozikwa wakakataa, na samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa walikuwa wanatembea kwenye tope kwa mapezi, wakinitazama, wakipanda mizizi. Samaki anayepanda mti. Nikasema mimi nitarudi kule kwenye mti kusubiri. Bibi akasema, "Nenda, ukae pale nikuone." Mwanasha akanisindikiza nusu ya njia, akasikia mama yake anamwita, akarudi.

Nikabaki peke yangu kwenye uwanja ule wa bahari isiyo na bahari. Ndege wa pinki walikuwa wamesimama mbali kwa mguu mmoja. Sululu, wale wenye mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, walikuwa wanadunga tope. Na kiasi cha hatua sitini kutoka kwenye mti wa bibi, kuelekea kisiwani, nikaona fungu la mchanga mweupe, limeinuka, safi, limezungukwa na vidimbwi vilivyojaa chaza na kaa na samaki nyota. Hapakuwa na mti wa mtu. Hapakuwa na kitambaa cha mtu.

Unajua nilichofanya. Niliung'oa mti wa bibi ukingoni mwa mkondo, nikaupeleka juu ya fungu, nikauchomeka katikati kabisa, nikaukandamizia mchanga kwa raba zangu. Kisha nikakaa chini yake kuulinda, nikijiona mwanamume. Bibi akiona nafasi niliyompatia, niliwaza, atajua kwamba hawezi kuniacha Wandegeya.

Kilichonishtua kwanza ni kaa. Walikuwa wadogo, kila dume na gando moja kubwa kuliko mwili, na tangu nikae walikuwa wananipungia. Mara wakaacha. Kila mmoja akabeba donge la tope, akaingia shimoni mwake, akalivuta juu ya kichwa kama mlango. Mmoja, wawili, halafu wote, fungu zima, kama maduka ya Kikuubo yanavyoteremsha milango maaskari wa jiji wakionekana. Nilicheka. Nilidhani wananiogopa mimi.

Halafu ile tik tik ikanyamaza.

Halafu sululu wakaruka wote kwa pamoja, wakipiga filimbi, wakapita juu ya kichwa changu kuelekea nchi kavu. Nikageuka kuwafuata kwa macho, na hapo nikaona mkondo. Haukuwa wa kwenye kifundo tena. Ulikuwa mpana mara mbili, na ulikuwa unatembea, kimya kabisa, umebeba povu na majani makavu, ukielekea ndani ya nchi. Bahari yenyewe mbele yangu ilikuwa bado mbali, nyembamba kama uzi. Maji yalikuwa yamenizunguka kwa nyuma kama mwizi anayejua nyumba. Nikatafuta kwa macho lile tundu nilipoung'oa mti. Halikuwepo. Palikuwa na maji ya rangi ya chai.

Nataka nikwambie hofu ile ilivyokuwa, kwa sababu nimeogopa mara moja tu maishani na naijua kama ninavyojua duka langu. Haikuja moyoni. Ilikuja miguuni, na miguu ikasahau kazi yake. Nikaita, "Bibi." Upepo ukairudisha sauti kinywani mwangu. Niliwaona wanawake kule miambani, migongo yao tu, wameinama. Nikamwona bibi amesimama, kiganja juu ya macho, anatazama upande wangu, anatazama kitambaa chake chekundu juu ya mchanga mkavu, kisha anainama tena kwa utulivu. Hapo ndipo nilipoanza kufahamu. Sikujua lote, lakini nilijua kwamba bibi anadanganywa na kitu, na kitu hicho nimekichomeka mimi.

Ningekimbilia kwake. Mtu mwema angekimbia. Mimi niliushika ule mti kwa mikono miwili nikalia.

Aliyetuokoa ni Mwanasha. Aliinua kichwa mapema kuliko wengine, kwa utundu tu, nikamwona anakimbia kuja kwangu, maji ya vidimbwi yakiruka.

"Nani kautoa mti?"

"Sijui," nikasema. Mimi, niliyejua kila kitu.

Akatazama mkondo, akatazama mchanga miguuni pangu. Hakuuliza tena. Akageuka akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu yeyote, na migongo yote kule miambani ikanyooka kwa pamoja.

Walikuja mbio, leso wamezikaza viunoni. Bibi alikuwa wa mwisho, magoti yake hayakumruhusu. Wengine walinipita kwenda mkondoni. Yeye alipofika kwenye fungu alisimama. Akautazama mti. Akatazama chini. Kisha akanitazama mimi, usoni kwanza, halafu miguuni. Akaung'oa mti kwa mkono mmoja, mkono wa pili akanishika ukosi wa shati, tukaondoka, naye akiuburuta ule mti nyuma yake, kitambaa na vyote, huku na huku, taratibu, kama mzee aliyechoka. Shangazi akapiga kelele, "Mama mkubwa, haraka, maji." Bibi akaendelea kuburuta mpaka ukingoni. Nilidhani magoti yanamuuma.

Mkondo ulikuwa umefika kifuani mwa watu wazima. Mama mwenye kichanga alimwaga pweza wake wote, akamlaza mtoto ndani ya beseni, akaliweka kichwani. Wakafunga leso kwa leso, wakashikana mstari mmoja, shangazi mbele na bibi nyuma, akipima chini kwa mti. Mimi sikugusa chini. Nilijua kuogelea, lakini kuogelea kule kwetu ni kwenda unakotaka. Maji yale yalikuwa na safari yao, yalinivuta miguu kama watu wanaovuta kamba, na raba ya kushoto ikatoka ikaenda zake. Katikati bibi aliteleza. Kichwa kikazama. Niliona ushungi wake ukielea peke yake juu ya maji, mweusi, umetanda, na chini yake hapana mtu. Lakini ule mkono kwenye ukosi wangu haukulegea. Nilikuwa naning'inia kwenye mkono wa mtu asiyekuwepo. Sijui ni muda gani. Kisha leso zikakazwa kutoka mbele, uso wake ukatoka, akakohoa, akasema, "Funga mdomo, mume wangu, pumua kwa pua."

Mizizi ya mikoko upande wa nyumbani ilitupokea na chaza zake zikatuchana miguu. Tulikaa palepale tukivuja damu. Kichanga ndani ya beseni kilikuwa kimelala.

Shangazi Mwanaidi alipopata pumzi akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya adabu, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mama mkubwa, mti uliupanda wapi?"

Wote wakamtazama bibi. Mimi nikatazama mguu wangu usio na kiatu.

"Niliupanda vibaya," bibi akasema. "Niliuhamishia kwenye fungu nilipokuwa nyuma yenu. Nilisahau. Macho haya yamezoea ziwa."

Mwanasha akafungua mdomo. Bibi akamtazama. Mwanasha akaufunga.

Hakuna aliyemgombeza. Wangemgombeza ingekuwa nafuu. Bamvua iliyofuata mti alipewa shangazi, na bibi akaachwa uani kuchagua mchele na watoto. Walimpa kiti kizuri. Walimwita mgeni. Wanawake wakipita walimwambia, "Pumzika, bibi wa Kampala," na wakacheka kwa wema. Baada ya wiki mbili akaniambia magoti yake hayaiwezi hewa ya pale, tunarudi Luzira. Tulipofika alikwenda kwa jirani akanunua tena kikaango chake.

Na mimi nilifurahi. Lazima niseme hilo. Nilifurahi njia nzima kwenye basi, nikamlalia, kwa sababu sikuachwa. Hakurudi tena kwao mpaka alipokufa, na alizikwa mbali na mama yake, na sikuwahi kumwambia, wala yeye hakuniuliza.

Baada ya ile Jumanne ya chumvi nilikata tiketi. Nilibeba pesa nyingi, za kununulia boti na injini, maana mimi nikienda kuomba radhi siendi mikono mitupu. Hori ilikuwa palepale na harufu yake ileile. Mwanasha ana wajukuu sasa, na mti ni wake. Yeye ndiye mkubwa. Nilimkuta uani anakuna nazi. Nikamweleza yote, kuanzia Port Bell na vitambaa vyake. Hakuacha kukuna.

"Kampala," akasema, "unadhani sikuona? Fungu zima lilikuwa na nyota. Kutoka ukingoni mpaka mtini, nyota, nyota, nyota. Nani mwingine alikuwa na viatu?"

"Mbona hawakuziona wengine?"

"Wenzake walikuwa na macho kwenye maji. Bibi akazifuta nyuma yao. Hukumwona anaburuta mti?"

Nilimwona. Nimemwona maisha yangu yote, na maisha yangu yote nilidhani ni magoti. Maji yanapanda, kila hatua ina thamani ya roho, na yeye alikuwa anafagia nyayo zangu moja moja mpaka ukingoni. Niliketi kwenye mkeka wa Mwanasha, mimi, mtu asiyeshtuka.

Baadaye nikataja boti na injini. Akacheka mpaka nazi ikamtoka mkononi. Akasema desturi yao iko wazi, ilikuwa wazi hata siku ile, na ndiyo sababu alitaka kufungua mdomo. Mtoto akiuharibu mti, anatafuta mwingine na kuleta kitambaa kipya, anavifikisha kwa mikono yake mbele ya wanawake, na mambo yanaisha hapohapo. Hata mtoto wa pale alishawahi kuuharibu. Ningesema siku ile, jioni yake tungekula, na bamvua iliyofuata bibi angekabidhiwa mti wake tena.

Mti nilikatiwa na mjukuu wake. Kitambaa nilikwenda kununua mwenyewe kwenye duka la pale njiani, duka dogo hata mlango hauna. Nilichagua chekundu. Muuzaji akakipima kwa mkono, akakikata, akanitajia bei, na kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara sikuomba apunguze. Shilingi mia moja na ishirini za Kenya.